Mtafiti wa waandishi waliokufa anafanya kazi gani?

"Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu, nasoma fasihi hapa Dar es Salaam, na kwetu ni Tanga. Navutiwa sana na waandishi wa Kiingereza wa mwanzoni mwa karne ya 20, hasa wa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na natamani kuendelea nao mpaka shahada ya uzamivu. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia ada, ameniuliza: mtu anayesoma vitabu vya Waingereza waliokufa miaka 100 iliyopita anafanya kazi gani hasa, na inamfaa nani? Nimeshindwa kumjibu. Naomba unisaidie, na ukiweza nipe mfano wa mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote."

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mjomba wako salamu zangu. Anayelipa ada ana haki ya kujua fedha yake inanunua nini, na mimi pia nimelelewa na watu wa namna hiyo, kwa hiyo silioni swali lake kuwa la dharau. Nitawajibu nyote wawili, na itabidi mnivumilie kwa urefu.

Nianze na kiini chenyewe. Mtafiti wa waandishi wa zamani anawarudishia wafu ile hali ya kutokujua. Chukua mfano mmoja. Mwezi Aprili 1914 Thomas Hardy, mzee wa miaka 73, aliandika shairi liitwalo Channel Firing. Wafu waliozikwa kanisani wanagutushwa usiku na mizinga ya manowari zinazofanya mazoezi baharini, wanakaa kitako makaburini wakidhani Kiyama kimefika. Miezi minne baadaye Uingereza ikaingia vitani. Ukilisoma leo utakuwa tayari kuapa kwamba Hardy alitabiri. Hakutabiri. Agosti ilikuwa haijafika, si kwake wala kwa mtu mwingine yeyote. Sisi ndio tunaojua yaliyofuata. Tunaingia kwenye shairi na jibu mkononi, halafu tunadai tumelikuta humo ndani. Kuliweka jibu hilo chini, kurudi mpaka mwezi Aprili na kukaa hapo pamoja na aliyeandika, ni kazi ya miaka. Inataka magazeti ya siku zile, barua, hotuba za bunge, miswada yenye maneno yaliyokatwa kwa kalamu. Inataka pia uvumilivu wa kusoma vitabu vibovu vilivyosahauliwa, kwa sababu watu wa wakati ule hawakujua kuwa vitasahauliwa.

Mfano ulioniomba ninao, na nimeishi na vitabu vyake kwa muda mrefu. Samuel Hynes alikuwa Mmarekani, alizaliwa Chicago mwaka 1924, akakulia Minneapolis katika miaka ya dhiki ya uchumi. Mwaka 1943, akiwa kijana wa miaka 18, aliingia kwenye mafunzo ya urubani wa kijeshi, na mwaka 1945 akawa anarusha ndege za mabomu za kikosi cha Marine huko Okinawa. Aliruka zaidi ya mara 70 kwenda vitani. Vita vilipokwisha alirudi chuoni, na mwaka 1949 akaanza kufundisha Kiingereza katika Chuo cha Swarthmore. Vita vya Korea vikamwita tena jeshini, akaenda, akarudi darasani. Shahada yake ya uzamivu aliipata Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1956. Alifundisha Swarthmore mpaka 1968, kisha Northwestern, na kuanzia 1976 Princeton, alikostaafu mwaka 1990. Amefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu kingine.

Mwambie mjomba kwamba chakula cha mtu huyu kilitoka darasani, miaka arobaini ya kusahihisha insha za vijana. Vitabu vilitoka polepole. Cha kwanza alichokiandika mwenyewe, kuhusu ushairi wa Hardy, kilitoka 1961. Kilichofuata kikubwa, 1968. Halafu 1976. Halafu, katika uwanja huohuo, 1990. Hesabu mapengo hayo na uyaelewe mapema, maana vijana wengi huacha njia hii kwa kudhani wamechelewa.

Kitabu cha 1968, The Edwardian Turn of Mind, kinahusu Uingereza ya miaka kati ya kifo cha Malkia Victoria mwaka 1901 na kuanza kwa vita mwaka 1914. Picha iliyozoeleka ya miaka hiyo ni ya sherehe ndefu bustanini: mabibi wenye kofia pana, chai, majira ya joto yasiyokwisha. Hynes aliiendea miaka hiyo kupitia karatasi zake mwenyewe, akakuta taifa lenye hofu. Vita dhidi ya Makaburu huko Afrika Kusini vilikuwa vimewafedhehesha. Katika eneo la Manchester, kati ya 1899 na 1900, kati ya wanaume wapatao 11,000 waliojitokeza kuandikishwa jeshini, takriban 8,000 walikataliwa kwa udhaifu wa mwili, na mwaka 1903 serikali ikaunda kamati nzima ya kuchunguza kama Waingereza wanadhoofika kama watu. Riwaya za kubuni kuhusu Wajerumani kuvamia Uingereza ziliuzwa kama njugu. Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri, alianzisha uskauti katikati ya hofu hiyohiyo, na kitabu chake cha mwaka 1908 cha kuwafunza wavulana kimejaa onyo la dola zilizoanguka kwa uzembe wa raia wake. Wakati huohuo watu wanagombana kuhusu ofisi ya serikali iliyokuwa na mamlaka ya kuzuia tamthilia zisiigizwe, kuhusu riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1909 iliyomwonyesha msichana anayechagua mpenzi wake mwenyewe, kuhusu mizimu na roho za wafu, kuhusu michoro ya Wafaransa iliyoonyeshwa London mwaka 1910.

Ninachokipenda katika kitabu hicho ni ukarimu wake. Waandishi wakubwa wamo, lakini wameketishwa jamvi moja na wasiokuwa wakubwa. Kijitabu cha senti chache, ripoti ya kamati, riwaya iliyooza kwenye maktaba, vyote vinapewa nafasi ya kusema. Wakati ule, katika idara nyingi, mhakiki alitakiwa alikalie shairi moja kama vile limeshuka kutoka mawinguni, asiulize nani aliliandika wala mwaka gani. Hynes alikuwa na subira ya kusoma shairi kwa undani namna hiyo, hata kitabu chake cha kwanza ni cha aina hiyo, ila alikataa kulitenga na siku yake.

Kitabu cha 1976, The Auden Generation, kinaruka mbele hadi miaka ya 1930, kwa waandishi vijana wa wakati huo: W. H. Auden, Stephen Spender, Christopher Isherwood, Louis MacNeice na wenzao. Amekipanga mwaka baada ya mwaka, ili msomaji atembee na vijana hao bila kuona mbele. Hawa ni watu waliokuwa watoto wakati wa vita. Auden alizaliwa 1907. Baba yake Isherwood aliuawa karibu na Ypres mwaka 1915. Walikua wakiwa na deni la vita ambavyo hawakuwahi kupigana, na Hynes anaonyesha deni hilo likifanya kazi ndani ya mashairi yao hata pale yanapozungumzia siasa au mapenzi.

Hapo sasa tazama jambo moja. Mtu huyu alikuwa ameandika kuhusu miaka ya kabla ya vita, akaandika kuhusu miaka ya baada yake, na katikati akaacha shimo. Vita vyenyewe, 1914 hadi 1918, alivizunguka kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1988 alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwenyewe, Flights of Passage, kuhusu yule rubani kijana wa Okinawa. Alikiandika akijitahidi kubaki ndani ya akili ya kijana yule, asimwazime busara ya mzee. Miaka miwili baadaye ndipo kilipotoka kile kilicholijaza shimo, A War Imagined. Kwa maoni yangu mpangilio huo si bahati nasibu. Naamini ilimbidi kwanza aseme vita vyake, ndipo aweze kusikiliza vya wengine. Na kile alichokifanya kwa nafsi yake, kumrudishia kijana kutokujua kwake, ndicho alichokuwa akiwafanyia Waingereza wale tangu mwanzo.

Kitabu hicho cha 1990 ndicho nitakachokikalia zaidi, kwa sababu ndicho kitakachokufaa wewe.

Sote tunaijua hadithi ya vita vile, hata ambao hatujasoma. Vijana wasio na hatia, vichwa vyao vimejaa maneno makubwa ya heshima na utukufu, wanakwenda vitani kwa furaha. Majenerali wapumbavu wanawachinja kwenye matope. Wanaobaki wanarudi wamekata tamaa, wameng'amua kwamba adui wa kweli hakuwa Mjerumani, bali wazee wa nyumbani waliowadanganya. Hynes aliita hadithi hii kisasili. Wewe ni mwanafunzi wa fasihi, kwa hiyo unajua kwamba kisasili si uongo. Ni hadithi ambayo jamii imeichagua ili ijieleze kwayo. Swali lake lilikuwa: ilichaguliwa lini, na nani, na nini kiliachwa nje?

Majibu yake yanatikisa. Mwaka 1915 mshairi wa vita alikuwa Rupert Brooke. Soneti zake zinazokubali kifo kwa utulivu zilikuwa kila mahali. Mojawapo ilisomwa mimbarini katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, siku ya Pasaka, na wiki tatu hazijapita Brooke mwenyewe akafa kwa sumu ya damu melini, karibu na kisiwa cha Skyros. Wilfred Owen, ambaye leo shule zote humfundisha kama ndiye sauti ya vita vile, wakati huo hakuna aliyemjua. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 akivuka mfereji kaskazini mwa Ufaransa, na simu ya maandishi ya kuwaarifu wazazi wake iliwafikia Shrewsbury tarehe 11, kengele za amani zikilia. Maishani mwake alichapisha mashairi machache mno. Diwani yake ndogo ilitoka 1920 kwa mkono wa rafiki yake Siegfried Sassoon, ikafuatiwa na nyingine 1931, na ni katika miaka ya 1960, baada ya Benjamin Britten kuyatungia muziki mashairi yake, ndipo jina lake lilipoenea kweli. Kwa maneno mengine, Waingereza waliopigana vita vile hawakuvipigana wakiwa na Owen kichwani. Sisi ndio tuliomtanguliza.

Na zile kumbukumbu na riwaya za kukata tamaa, za Edmund Blunden, Robert Graves, Richard Aldington, Sassoon, karibu zote zilitoka kati ya 1928 na 1930. Miaka kumi ilishapita. Hynes anaipitia miaka hiyo hatua kwa hatua na kuonyesha jinsi kumbukumbu moja ilivyopewa kiti cha mbele. Anatazama pia picha za wachoraji, muziki, sanamu za makumbusho, wanawake, waliokataa kwenda vitani, vitabu vilivyopigwa marufuku kama The Rainbow cha D. H. Lawrence mwaka 1915. Kuna mchoraji, C. R. W. Nevinson, aliyechora maiti wawili wa Kiingereza wakiwa kifudifudi kwenye waya. Alipokatazwa kuionyesha mwaka 1918, aliitundika hivyohivyo ikiwa imefunikwa karatasi ya kahawia iliyoandikwa kwamba imezuiwa. Ukisoma mambo kama hayo unaanza kuhisi watu wakibishana bila kujua nani atashinda.

Labda mjomba atauliza: basi mtafiti anasoma tu na kusimulia? Hapana. Kuna kazi ya mikono, na hii ndiyo watu wa nje wasiyoiona. Mwaka 1917 Owen alikuwa amelazwa hospitali ya kijeshi ya Craiglockhart, Edinburgh, alikokutana na Sassoon. Alimwonyesha rasimu ya shairi lake la maombolezo ya vijana. Kwenye kichwa cha shairi Owen aliandika vijana waliokufa. Mkono wa Sassoon ukalikata neno hilo na kuweka jingine, lenye maana ya walioandikiwa kufa. Karatasi hizo zipo mpaka leo. Neno moja limebadilika na wakati wote wa shairi umebadilika nalo: kwanza msiba ulikuwa umepita, sasa vijana bado wanatembea, wanacheka, na sisi tunawatazama. Asiyekwenda kwenye mswada hataliona hilo.

Hynes alifanya kazi ya namna hii kwa mashairi ya Hardy, zaidi ya 900. Toleo lake la Oxford lina juzuu tano. La kwanza lilitoka 1982, la mwisho 1995. Kwa kila shairi mhariri anatandika mbele yake mswada kama upo, gazeti lililolitoa kwanza, toleo la kwanza la diwani, matoleo ya baadaye ambayo Hardy aliyasahihisha, kisha analinganisha mstari kwa mstari, nukta kwa nukta, na kuandika chini ya ukurasa kila tofauti. Miswada yenyewe haiko pamoja, maana mwaka 1911 Hardy alikubali mingi igawiwe kwa maktaba na makumbusho mbalimbali. Toa mfano huu kwa mjomba: shairi la Hardy kuhusu kijana mpiga ngoma aliyeuawa Afrika Kusini lilipotoka gazetini Novemba 1899 liliitwa, kwa Kiswahili, "Mpiga Ngoma Aliyekufa". Ndani ya vitabu likawa Drummer Hodge. Hodge ndilo jina ambalo watu wa mjini walimwitia mkulima yeyote wa shamba kwa kumdharau, kana kwamba wote ni mmoja. Hardy aliichukia dharau hiyo, na alishaandika makala kuipinga mwaka 1883. Alipompa maiti yule jina hilo na kumlaza chini ya nyota za kusini asizozijua, dharau ikageuka heshima. Kuna mtu alipaswa kukaa na gazeti na vitabu pamoja ili wewe na mimi tulijue hilo.

Wala kazi hii si ngeni kwetu. Utenzi wa Al-Inkishafi ulio mikononi mwetu umepita kwenye nakala nyingi, na nakala hizo hazikubaliani katika mpangilio wa beti. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili kwa mkono wake mzuri tenzi nyingi ambazo leo ziko kwenye maktaba za Ulaya. Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nililinganisha nakala mbili za utenzi mmoja, zote za hati ya Kiarabu, na kwa muda wa wiki tatu nilikwama kwenye herufi moja ambayo ingeweza kusomwa namna mbili. Wakati ule niliona siku zinapotea. Nilipoipata, ubeti mzima ulifunguka, na sijasahau mchana ule.

Sasa nikuambie palipopungua, kwa sababu sitaki umfuate Hynes kama mfuasi. Vita vya vitabu vyake ni vya Ufaransa na Ubelgiji, na watu wake wengi ni wanaume wa Kiingereza waliosoma. Ni hivyohivyo kwa mwenzake Paul Fussell, naye mzaliwa wa 1924, aliyejeruhiwa Ufaransa mwaka 1945 kama ofisa wa askari wa miguu na ambaye kitabu chake cha 1975, The Great War and Modern Memory, ndicho kilichofungua uwanja huu wote. Huwezi kujua kutoka kwa yeyote kati yao kwamba vita hivyo vilifika Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, wala kwamba vilikwisha huku kwetu tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani ya Ulaya, jeshi la jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, Zambia. Wapagazi makumi kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo linatokana na kikosi chao.

Hapa ndipo swali la inamfaa nani linapopata jibu ambalo natamani mjomba alisikie vizuri. Rudyard Kipling alimpoteza mwanawe John, kijana wa miaka 18, katika mapigano ya Loos mwaka 1915. Maiti yake haikutambuliwa maisha yote ya baba. Kuanzia 1917 Kipling aliitumikia tume ya Uingereza ya makaburi ya vita kama mshauri wa maneno ya kuandikwa kwenye mawe. Maandishi ya Sanamu ya Askari, ile unayopita Mtaa wa Samora, iliyozinduliwa 1927, ni yake pia. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi apiganiaye nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini majina yenyewe yako wapi? Askari Mwingereza alipata jiwe lenye jina. Mpagazi wa Kiafrika, mara nyingi mno, hakupata jiwe wala jina.

Aliyeyafuata maswali hayo kwenye nyaraka za tume ni Michèle Barrett, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London. Mojawapo ya nyanja zake? Virginia Woolf na waandishi wa kizazi chake. Ni msomaji wa waandishi wa Kiingereza wa mwanzo wa karne ya 20, kama unavyotaka kuwa wewe. Alikuta barua za maofisa waliodai kwamba Mwafrika hataelewa maana ya jiwe la kaburi, hivyo hana haja nalo. Utafiti wake ukazaa filamu ya televisheni mwaka 2019, na mwaka 2021 tume hiyo ikachapisha ripoti ikikiri kwamba watu wengi, wa Afrika na kwingineko, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao, na ikaomba radhi. Radhi hiyo ilitokana na kazi ya mtu aliyezoea kusoma karatasi za zamani neno kwa neno na kujiuliza kwa nini limetumika neno hili na si lile. Mjomba wako ni mtu wa Tanga. Huenda katika ukoo wenu yupo aliyebebeshwa mizigo ya vita hivyo na hakurudi.

Kuna wasiwasi mwingine ambao hukuuandika lakini nausikia: kwamba kusoma Waingereza ni kujisahau. Mwaka uleule wa 1968 Hynes alipotoa kitabu chake, pale Nairobi watu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitoa waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ivunjwe. Usome kwa makini. Walikataa Uingereza kuwekwa katikati na Afrika kuwekwa kandoni. Hawakusema Waingereza wasisomwe. Ngũgĩ mwenyewe alipokuwa Makerere alimsoma Joseph Conrad kwa undani. Kwa hiyo waendee waandishi hao ukiwa umesimama Tanga, na usione haya kuwauliza maswali ya Tanga.

Kuhusu ajira nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapo sina cha kupamba. Nafasi za uhadhiri ni chache na hushindaniwa. Lakini stadi hizi za kusoma miswada, kuhariri, kulinganisha nakala na kutafsiri zinahitajika kwenye nyumba za uchapishaji, magazeti, makumbusho na hifadhi za nyaraka, na mwenye Kiingereza cha miaka ile na Kiswahili cha hati ya Kiarabu kwa pamoja ni nadra sana. Kama hati hiyo huijui, anza kujifunza mwezi huu. Hilo nakuhimiza kwa nguvu zote.

Cha kufanya sasa. Nenda kwenye Sanamu ya Askari asubuhi kabla magari hayajajaa, na unakili maandishi yake yote: Kiingereza, Kiswahili cha herufi za Kirumi, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, ukisaidiwa na mwalimu wa madrasa kama ni lazima. Yaweke sambamba kwenye daftari uone yanapoachana. Kisha tafuta Marching on Tanga cha Francis Brett Young, daktari wa jeshi la Kiingereza aliyeteremka bonde la Pangani mwaka 1916 na jeshi la Smuts, jenerali wa Afrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza. Kilitoka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, kwa hiyo ni kitabu cha mtu asiyejua mwisho. Soma ukiangalia wapagazi wanatajwa vipi, kwa majina au kwa idadi. Ukienda likizo nyumbani, waulize wazee kama kuna wimbo au kisa cha siku hizo, na uandike maneno yao kama walivyoyatamka.

Halafu niandikie ukurasa mmoja, usizidi. Usiuanze kwa jina la mwandishi unayempenda. Uanze kwa swali lako, na umsomee mjomba kwanza kabla hujanitumia.